Hedifoni Yako Ilianza Kuvunjika Kabla Hujainunua

Angalia hedifoni zilizovunjika mtaani kwenu. Za beste yako, za siz yako, na zile ziko kwa droo ya nyumbani ambazo hakuna mtu anataka kutupa. Tuweke dau: nyingi zimevunjika mahali pamoja, pale kikombe cha sikio kinakutana na upinde wa kichwani. Spika bado inalia. Betri bado inashika chaji. Simu ikizitafuta inazipata. Lakini kikombe kimoja kinaning'inia kwa waya kama jino la mtoto wa gredi ya kwanza, na kitu yote inahesabiwa kuwa taka.

Ukilalamika unaambiwa huchungi vitu. Ati umezikalia. Ati una kichwa kikubwa. Mimi nakataa. Kile kiungo kina historia ya zaidi ya miaka 100. Kuna wakati hedifoni zilitengenezwa watu wakijua zitavunjika na utazirekebisha. Halafu kukafika wakati zikatengenezwa watu wakijua zitavunjika na utanunua zingine. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na anayelipia hiyo tofauti ni wewe.

Kabla hujauliza: mimi si profesa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani. Hii historia nimejisomea usiku nikingoja video zipande. Lakini kazi yangu ni kuhariri sauti, na masikio ndiyo ofisi yangu. Kwa hivyo hii stori inanihusu sana.

Kwanza zilikuwa mzigo wa begani

Hedifoni hazikuanza na muziki. Zilianza na kazi, tena kazi iliyokuja kufanywa sana na wasichana. Miaka ya 1880, simu ikiwa bado kitu cha ajabu, kila simu ilipitia kwa opereta anayechomeka waya hapa na kuchomoa pale ili watu waongee. Huyo opereta alihitaji mikono yote miwili. Mmarekani mmoja, Ezra Gilliland, akabuni kifaa cha kuvaa begani: cha kuongelea mbele ya mdomo, cha kusikizia kwenye sikio moja, na uzito wa zaidi ya kilo 4. Hiyo ni kama kubeba pakiti mbili za unga begani shifti nzima huku ukisema kwa upole, "subiri kidogo, nakuunganisha."

Ulaya nako mabwanyenye wakapata zao. Mwaka wa 1881 pale Paris, Clément Ader alionyesha watu jinsi ya kusikiza opera kupitia waya wa simu, na mwaka wa 1890 hiyo ikawa biashara iliyoitwa Théâtrophone. London ikafuata na Electrophone mwaka wa 1895. Unalipa ada ya mwaka, unasikiza michezo ya kuigiza na ibada ukiwa sebuleni kwako. Ndiyo, watu walikuwa wanalipia sauti kwa mwaka kabla babu ya babu yako hajaona redio.

Lakini visikizi vya Electrophone vilishikiliwa kwa kijiti kinachopita chini ya kidevu, kama miwani ya wale mabibi wa kwenye sinema za zamani. Hakukuwa na upinde juu ya kichwa wala kiungo cha kuzunguka. Kwa hivyo hakukuwa na kitu cha kuvunjika pale ambapo sisi tunavunjikiwa.

Jikoni, Utah, mwaka wa 1910

Hapa ndipo stori inashika moto. Mwaka wa 1910, jeshi la wanamaji la Marekani lilipata barua kutoka kwa jamaa wa Utah anayeitwa Nathaniel Baldwin. Barua yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa wino wa zambarau kwenye karatasi ya buluu na waridi. Ukiwa afisa wa jeshi unaona barua kama hiyo, unafikiria ni ya mpenzi wa mtu. Lakini Baldwin alikuwa anawaambia ametengeneza hedifoni bora kuliko walizokuwa nazo, na akawatumia za kujaribu.

Wakazijaribu, wakashangaa. Waendesha redio wa meli walikuwa wanahangaika kusikia mawimbi hafifu, na hizi zilinasa hata kile kisichosikika. Wakataka kuagiza. Baldwin akawaambia anaweza kutengeneza 10 tu kwa wakati mmoja. Mbona? Kwa sababu alikuwa anazitengenezea jikoni kwake. Msee wa jua kali kabisa, tofauti ni kwamba yeye alikuwa chini ya theluji.

Sasa sikiza hii sehemu. Jeshi lilikuwa na lalamiko moja: ule upinde wa kichwani haukuwa unakaa poa. Baldwin akaubadilisha. Akaweka vijiti viwili vya waya vilivyofunikwa ngozi, vikipita juu ya kichwa na kushika kisikizi kila upande. Wakampenda zaidi. Wakamshauri achukue hataza ya ule upinde. Akakataa, akasema hicho ni kitu kidogo sana.

Hicho kitu kidogo ndicho kinakutesa leo. Kwa sababu kiungo kati ya upinde na kikombe kina kazi tatu kwa mpigo. Lazima kiteleze juu na chini, kwa sababu vichwa havilingani. Lazima kizunguke, kwa sababu masikio hayajanyooka kama ukuta. Na lazima kibane wakati wote, la sivyo sauti inavuja. Kila mara unavaa na kuvua, uzito wote na nguvu yote inapitia hapo, kwenye sehemu ndogo kuliko ukucha wako.

Ila cheki suluhisho la Baldwin: waya. Waya ukipinda unaunyoosha kwa vidole. Na zile hedifoni za redio za enzi hizo, kifuniko cha kisikizi, mara nyingi cha eboniti au bakelaiti, kilifunguliwa kwa kuzungushwa tu kama kifuniko cha chupa. Ndani unaona sumaku, koili na kile kiwambo chembamba kinachotetemeka. Hakuna siri yoyote iliyofichwa hapo. Ukinunua kifaa, umenunua pia ruhusa ya kukifungua.

Miaka ya skrubu

Twende mbio kidogo. Mwaka wa 1937 kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ilitoa DT 48, hedifoni za kwanza zinazotumia spika ya aina ile tunayotumia mpaka leo. Ziliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 70. Hebu niambie ni kitu gani umenunua mwaka huu ambacho kitakuwa bado kinatengenezwa ukiwa na miaka 90.

Mwaka wa 1958, John Koss, mpiga tarumbeta wa jazi kule Milwaukee, alitoa SP/3, hedifoni za stirio za kusikizia muziki. Hapo ndipo hedifoni zilitoka kazini zikaingia kwenye starehe. Na kwa bahati tu, mwaka huo huo wa 1958 ndio sapaglu ilianza kuuzwa, kwa jina la Eastman 910. Harry Coover wa Kodak alikuwa amekutana na hiyo kemikali mara ya kwanza mwaka wa 1942 wakitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki, wakaiacha kwa sababu ilikuwa inanata kila kitu. Kwa hivyo hedifoni za raia na gundi yake zilizaliwa mwaka mmoja. Ni kama zilijua zitakutana.

Mwaka wa 1968 Sennheiser wa Ujerumani wakatoa HD 414, zile za spanji ya manjano. Nyepesi, na spanji ikichoka unaibandua unaweka nyingine. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Mwaka wa 1988 hao hao wakatoa HD 25, ambazo ma-DJ dunia nzima wanazijua: upinde umegawanyika mara mbili, kikombe kimoja kinazunguka nyuma ili sikio moja libaki kwa watu. Kila kipande cha HD 25 kinauzwa peke yake. Waya ukikatika unanunua waya. Kikombe kikivunjika unanunua kikombe. Ma-DJ hurusha hedifoni kama mtu anatupa shati, na hizo bado ziko kazini.

Hiyo ndiyo point yangu ya kwanza, na naomba uishike: kiungo kuvunjika ni kitu cha kawaida. Kinachobadilika ni nani amepanga kitakachofuata.

Halafu zikawa nyepesi

Tarehe 1 Julai 1979 Sony wakatoa Walkman kule Japani. Watu huongea sana juu ya ile mashine na kusahau hedifoni zake. Kabla ya hapo hedifoni za muziki zilikuwa na uzito wa gramu 300 kwenda juu. Hizi zilikuwa karibu gramu 50. Ghafla unaweza kutembea nazo, kukimbia nazo, kupanda basi nazo. Muziki ukatoka sebuleni ukaingia barabarani.

Sitaki kuwa yule mzee wa "zamani kulikuwa kuzuri." Wepesi ulikuwa baraka, na bei kushuka kulikuwa baraka kubwa zaidi. Bila plastiki, mimi na wewe tusingekuwa na hedifoni. Hizi vitu zingebaki za watu wa kule juu.

Lakini plastiki iko na tabia zake. Chuma kikichoka kinapinda, kinakuonya. Plastiki ikichoka inapasuka, tena bila notisi. Ufa unaanza palepale penye shimo la skrubu au penye kona kali, kwa sababu hapo ndipo nguvu inajikusanya. Jasho na mafuta ya nywele yanasaidia kuharibu. Na bawaba za kukunja, zile tunapenda kwa sababu hedifoni zinaingia kwa begi, zinaongeza kiungo kingine juu ya kile kilichokuwa tayari dhaifu.

Na kitu kikishuka bei sana, hesabu inageuka. Mtengenezaji anaona skrubu nne ni gharama, gundi ni bure. Anaona kuweka spea ghalani ni hasara. Hakuna kikao cha majambazi kilichoketi kuamua kukuumiza. Kuna hesabu tu, na wewe hukuwa kwenye meza ilipopigwa.

Kisha zikawa mavazi

Mwaka wa 2008 Beats zikaingia sokoni, na Dr. Dre na Jimmy Iovine wakafanya kitu kikali: hedifoni zikawa kama raba za miguuni. Unavaa shingoni hata kama husikizi chochote. Mwaka wa 2014 Apple wakanunua hiyo kampuni kwa dola bilioni 3. Miaka miwili baadaye wakatoa shimo la hedifoni kwenye simu yao na kuleta AirPods. iFixit, wale watu hufungua vifaa waone kama vinarekebishika, wakazipa sifuri kwa kumi. Zimejaa gundi, na betri ikichoka, kitu yote imechoka.

Kitu kikiwa vazi, kukirekebisha kunakuwa aibu. Ukiingia darasani ama kwa ofisi na hedifoni zimefungwa seloteipu nyeusi, watu hawaulizi zinalia aje. Wanacheka. Tumefundishwa kwamba mwenye kurekebisha ni yule ambaye hana. Na hiyo aibu, wasee, ni biashara. Inauza hedifoni nyingi kuliko tangazo lolote.

Ati haiwezekani kutengeneza ambazo zinafunguka? Acheni. Koss Porta Pro ziko sokoni tangu mwaka wa 1984, na kule Marekani zinakuja na waranti ya maisha. Mwaka wa 2020 hao hao Apple walitoa AirPods Max za dola 549 ambazo mito ya masikio inashikwa na sumaku na upinde unatoka kwa kusukuma kipini chembamba. Mwaka wa 2023 Fairphone wa Uholanzi wakatoa Fairbuds XL, ambazo unazivua vipande vipande kwa bisibisi na kununua kile kilichoharibika tu. Inawezekana kabisa. Tunachokosa ni mtu wa kuwalazimisha waliobaki.

Sisi tulikuwa wapi?

Sisi tulikuwa Luthuli Avenue. Tulikuwa kwenye vibanda vya mita moja kwa mbili, taa ya mezani, kikuza macho, na chuma cha solda kinachotoa moshi.

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ndiyo ilifanya ulimwengu uanze kuongea juu ya "sekta isiyo rasmi." Wataalamu walikuja kutafuta watu wasio na kazi, wakakuta watu wanafanya kazi kutoka asubuhi hadi jioni bila kibali na bila paa. Ilichukua hadi mwaka wa 1992 kwa serikali kuwa na waraka wa sera ulioitaja jua kali kwa jina. Miaka 20! Na wakati wote huo fundi alikuwa anarekebisha redio ya nyanyako.

Kwa hivyo nikisikia mtu wa ng'ambo anasema "haki ya kurekebisha" kama kitu kipya, natabasamu. Sisi hatukungoja haki. Tulikuwa na hitaji. Tofauti ni kwamba fundi wetu anapigana na kifaa ambacho kimeundwa kumshinda.

Hedifoni zangu za kazi zilipasuka kikombe cha kushoto miezi michache baada ya kuzinunua. Sitataja kampuni. Niliwaandikia, wakanijibu kwamba hiyo sehemu haiuzwi peke yake na wakaniwekea linki ya kununua mpya. Mpya ilikuwa nusu ya kodi ya keja yangu. Fundi wa mtaani alinirekebishia kwa soo tatu, na nilisimama pale nikaona kila kitu alichofanya. Tangu siku hiyo nimewarekebishia mabeste watatu.

Wacha nikupe alichofanya

Kwanza jua shida ni gani. Kama kikombe kimelegea tu, vuta mto wa sikio pole pole. Nyingi zinatoka bila kifaa. Chini yake kuna skrubu ndogo za nyota. Zikaze, lakini usizikaze kama nati za lori, hiyo ni plastiki. Kama skrubu inazunguka bila kushika, meno ya lile shimo yamelika. Chukua kipande cha kijiti cha meno, kipake gundi, kiingize kwenye shimo, acha kikauke, kata kilichobaki, halafu rudisha skrubu.

Kama ule uma unaoshika kikombe umepasuka, usikimbilie sapaglu peke yake. Sapaglu ni ngumu lakini haipendi kupindwa, na hicho kiungo kinapindwa siku nzima. Fundi alipiga msasa sehemu zote mbili ili gundi ishike, akaziunganisha, halafu akachukua kipande cha waya mgumu, akakipasha moto kwa chuma cha solda na kukizamisha kwenye plastiki, kikivuka ule ufa kama daraja. Juu akapaka Araldite, ile ya tyubu mbili unachanganya. Fungua dirisha, moshi wa plastiki si manukato. Akaniambia nisiiguse hadi kesho yake.

Kitu cha mwisho, na wengi huharibu hapa: kuna waya mwembamba unaotoka kikombe kimoja hadi kingine kupitia ndani ya upinde. Uache uwe na ulegevu. Ukiubana ndani ya gundi, siku utazungusha kikombe utaukata, na sasa uko na hedifoni zenye sikio moja.

Ukiangalia vizuri, alichofanya fundi ni kurudi kwa Baldwin. Penye plastiki imeshindwa, akaweka waya.

Basi nataka nini?

Nataka vitu viwili, na si vikubwa.

Cha kwanza ni kwa wenye nguvu. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria mwaka wa 2023 kwamba, isipokuwa vifaa vichache, betri ndogo zitolewe na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027. Mwaka wa 2024 wakapitisha nyingine ya haki ya kurekebisha, inayogusa mashine za kufua, friji na simu. Hedifoni hazimo kwenye orodha hiyo. Kenya tuko na sheria ya taka ya mwaka wa 2022 inayomtaka mtengenezaji na mwenye kuingiza bidhaa wabebe mzigo wa taka zake. Fiti. Lakini hapo tunaongelea kifaa kikishakufa. Mimi nataka tuongee kikiwa bado mgonjwa. Anayeleta kontena la hedifoni alete pia maboksi mawili ya vikombe, mito na nyuma za upinde, ziuzwe kwa fundi yeyote wa Luthuli kwa bei ya mtu.

Cha pili ni kwako. Ukienda kununua, kabla hujauliza rangi, geuza hedifoni uangalie kile kiungo. Kuna chuma ndani ama ni plastiki tupu? Unaona skrubu? Mto unatoka? Muulize muuzaji kama kuna spea. Atakuangalia vibaya. Akiulizwa na watu 50 kwa wiki, ataanza kumuuliza anayemletea.

Na zile ziko kwa droo, zitoe leo. Zikilia pande zote mbili, ziko hai, na kuna fundi karibu na wewe ambaye hiyo soo tatu itamnunulia lunchi. Zivae na ile alama ya Araldite ikionekana. Mwenye kucheka mwambie kikombe chake pia kinakuja.